Mstari mwekundu wa Tumbawe: nyavu za baharini si ukuta

Kwa wasiojua, Tumbawe ni nchi ambayo haipo. Iko kwenye ramani moja kubwa ya karatasi ambayo sisi watu kama kumi na wawili tunaitandaza juu ya meza mbili zilizounganishwa, Jumamosi mchana, ghorofa ya juu ya hoteli moja hapa Ngara, kila mtu ana nchi yake ama wizara yake, kuna refa wa kuamua nani ameshinda vita na nani amefilisika, na chai ya maziwa inaendelea kuja. Sasa wiki mbili zilizopita Waziri wa Ulinzi wa Tumbawe alichukua kalamu nyekundu akachora mstari kutoka rasi ya kaskazini mpaka kisiwa cha mwisho cha kusini, kilomita 40 za mlango-bahari, akatangaza kwamba theluthi moja ya bajeti ya ulinzi inaenda hapo: nyavu za chuma, mabomu ya kutegwa baharini na maiki za chini ya maji za kusikiliza nyambizi. Chumba kikagawanyika hapo hapo. Nusu wakagonga meza, imeisha hiyo, hakuna nyambizi inaingia tena. Nusu wakacheka, ati nyavu ni mambo ya babu zetu, siku hizi kuna droni na makombora, hizo ni pesa za umma zinatupwa kwa maji. Mabishano hayajaisha mpaka leo, tuliyabeba mpaka kwa matatu na abiria wengine wakadhani kuna vita mahali.

Mimi nasema kambi zote mbili zimekosea, na zimekosea kitu kimoja. Wote wanauona huo mstari kama ukuta, tofauti yao ni kwamba mmoja anaamini ukuta utasimama na mwingine anaamini utaangushwa. Kizuizi cha chini ya maji hakijawahi kuwa ukuta. Kazi yake ni kumchelewesha adui, kumfanya apige kelele, na kumsukuma apite mahali ambapo wewe umekaa unamngoja, na kama hakuna mtu anamngoja basi hivyo ni vyuma tu vinaota chaza huko chini. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kama nyavu zinafanya kazi ama hazifanyi, mtu angemuuliza Waziri ni nani atakaa kando yake usiku kucha, na swali hilo sijasikia likiulizwa hata mara moja.

Anayetaka kuelewa haraka aende pwani ya kusini, Vanga ama Shimoni, aangalie uzio wa samaki maji yakipwa. Ni fito zimechomekwa mstari mrefu, zimefungwa pamoja, na ukiangalia unaona kabisa samaki angeweza kugeuka arudi alikotoka, maji yalikuwa mengi tu upande ule. Lakini samaki akigusa fito harudi, anafuata mstari, anaufuata polepole mpaka anajikuta kwenye chumba cha mwisho, maji yanatoka, yeye anabaki. Mzee aliyenionyesha wake alikuwa anatembea akigusa kila fito, anaitikisa, iliyolegea anaikandamiza kwa kisigino, nikamuuliza mbona anahangaika na zote akaniambia bahari haikosi kung'oa moja kila siku. Hiyo ndiyo elimu yote ya ulinzi wa chini ya maji, na mzee hakuwa amesoma vita popote. Uzio unaongoza, mwenyewe ndiye anavua. Asipokuja na kikapu chake, ndege wanakula.

Tuanze na hoja dhaifu zaidi tuimalize, ile ya kusema nyavu ni za kale. Kweli ni za kale. Konstantinopoli, ambayo leo ni Istanbul, ilikuwa na mnyororo wa kufunga ile hori yao ya Pembe ya Dhahabu, na kila mtu anapenda hadithi ya Mehmed wa Pili, sultani wa Waosmani aliyekuja kuuteka huo mji, Aprili 1453, alivyozivuta meli zake nchi kavu juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, akapita nyuma ya Galata, mtaa ulio ng'ambo ya hori, akaziteremsha ndani. Lakini watu wanasahau kwamba mnyororo wenyewe haukukatika, na wanasahau pia kwamba mwaka 1203 wale wapiganaji wa msalaba walipoutaka huo mlango walienda kwanza kuuteka mnara wa Galata, pale mnyororo ulikofungwa. Manake mnyororo una ncha mbili na zote ziko nchi kavu. Mara zote mbili bahari haikuwa na shida, shida ilikuwa nani ameshika ufuko. Hiyo haikuzeeka, na ukiangalia Tumbawe utaona rasi ya kaskazini ambako mstari mwekundu unaanzia haina hata kambi moja ya jeshi, kuna mnara wa taa na kijiji.

Na hii ya droni, ndiyo kabisa inaenda kinyume na wanavyodhani. Tarehe 29 Oktoba 2022 droni za baharini za Ukraine zilishambulia manowari za Urusi bandarini Sevastopol, na baada ya hapo Warusi walifanya nini? Walipanga vizuizi vya kuelea mlangoni mwa bandari, safu juu ya safu. Droni ndogo haina mtu ndani wa kushuka kukata kamba, haina uzito wa kuvunja chuma, panga la injini likinaswa imekwisha, imekaa hapo inapigwa risasi kama chupa. Yaani teknolojia mpya ndiyo imeurudisha ule wavu wa zamani kazini. Lakini kambi ya ukuta nao wasishangilie mapema, kwa sababu pamoja na vizuizi hivyo vyote Urusi iliishia kuhamisha sehemu kubwa ya manowari zake kwenda Novorossiysk, bandari nyingine iliyo mbali zaidi. Wavu ulipunguza hatari mlangoni, haukuifanya bandari kuwa salama.

Hoja nzito ya wanaocheka ni gharama, na hapo nawapa haki yao. Mwaka 1918, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamarekani na Waingereza walitega zaidi ya mabomu 70,000 kuvuka Bahari ya Kaskazini, kutoka visiwa vya Orkney mpaka karibu na Norwei, mamia ya kilomita, kazi ya miezi michache ambayo mtu akiiona kwa ramani anasema hapa hata dagaa hapiti. Mengi yakajilipukia yenyewe bila kuguswa. Nyambizi zilizozama, hata anayehesabu kwa ukarimu hafiki kumi, halafu mwaka uliofuata ikabidi watumwe mabaharia wakayaondoe moja moja na wengine wakafa wakiyaondoa, vita vimeshaisha. Kule Otranto, kati ya Italia na Albania, maji ya kilomita sabini hivi, walitumia mashua za uvuvi zikikokota nyavu, nyambizi zikawa zinapita chini zinavyotaka, na alfajiri ya 15 Mei 1917 manowari za Austria-Hungaria zikiongozwa na kamanda Horthy zikatoka zikazamisha mashua 14. Wale wavuvi walikuwa na nyavu mikononi na karibu hakuna mwenye nguvu wa kuwakinga. Ukiniuliza kama mstari wa Waziri wetu unafanana na hii mifano miwili nitakujibu ndio, unafanana kabisa, kilomita 40 ni nyingi na Tumbawe ina manowari tatu, moja iko gereji.

Lakini vita hivyo hivyo vina Dover, na Dover ndipo mabishano yetu yote yangeishia kama watu wangesoma polepole. Mlango wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, ulikuwa na nyavu na mabomu tangu mapema, na kwa miaka nyambizi za Kijerumani zilikuwa zinapita usiku zikielea juu, juu kabisa ya nyavu, kwa sababu giza lilikuwa giza na walinzi walikuwa wachache. Mwisho wa 1917 wakaanza kutega mabomu kwa kina zaidi, na amiri wa Kiingereza Roger Keyes alipochukua uongozi Januari 1918 akajaza mlango meli za doria na mataa, fataki za kumulika na kurunzi usiku kucha, bahari ikawa kama barabara ya Moi Avenue. Sasa nyambizi ikija inaona mwanga, inaogopa, inazama, na huko chini ndiko mabomu yalikuwa. Mwangaza pekee haungeizamisha, na mabomu pekee yalikuwa yanarukwa, vikiwekwa pamoja na watu wa kukesha ndipo mlango ukafungwa kiasi kwamba Wajerumani wakaanza kuzizungusha nyambizi zao kubwa kupitia kaskazini ya Uskoti, safari ndefu ya kumaliza mafuta na siku. Huo ndio ule uzio wa Vanga. Hawakumzuia, walimwongoza.

Mfano wa pili wa mafanikio ni Ghuba ya Ufini mwaka 1943, ambapo Wajerumani na Wafini walishusha nyavu za chuma za safu mbili kutoka upande wa Estonia mpaka Porkkala, pwani ya Ufini, mabomu mbele na nyuma, boti za doria juu, na nyambizi za Kisovieti hazikutoka kuingia Baltiki mpaka Ufini yenyewe ilipojitoa vitani Septemba 1944. Tena angalia nini kiliufungua ule wavu. Hakuna aliyeukata, ni mwenye ufuko mmoja aliyebadilisha msimamo.

Haya, sasa kambi ya ukuta, wale wa imeisha hiyo. Kwao nina usiku mmoja wa Sydney, 31 Mei 1942. Wavu wa kuzuia nyambizi ulikuwa umetandazwa bandarini lakini haujamalizika, ncha zote mbili ziko wazi. Chini ya maji kulikuwa na nyaya za kugundua chuma kikipita juu yake, na usiku huo mtambo ulichora alama kwamba kitu kimepita, ila kwa vile feri na boti ndogo zilikuwa zinapita kila saa hakuna aliyejisumbua. Saa mbili na robo hivi usiku mlinzi wa kiraia, James Cargill, akaona kitu kimenaswa kwenye wavu, akapiga makasia mpaka pale, akaona chuma. Ilikuwa nyambizi ndogo ya Kijapani, imejisokota kwenye nyavu kama changu kwenye jarife. Cargill akaenda kuwaambia wa boti ya doria. Na hapo muda ukaanza kuyeyuka, mara ni kweli ama ni takataka, mara nani aende kuangalia, na tahadhari kwa bandari nzima ikatolewa saa nne na nusu hivi. Wakati huo nyambizi nyingine ilikuwa imeshapita. Baada ya saa sita ya usiku kombora lake lilipita chini ya meli ya Kuttabul waliyokuwa wanalala mabaharia, 21 wakafa.

Mimi nikiisoma hiyo hadithi huwa sioni wavu ulioshindwa. Wavu ulinasa! Wavu ambao haujamalizika, wazi kila upande, ulifanya kazi yake saa mbili usiku, na mzee mmoja mwenye makasia akafanya yake, na mtambo wa chini ya maji nao ulikuwa umeshasema. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea habari na kuamua. Kwenye bajeti ya Waziri wetu kuna nyavu, kuna mabomu, kuna maiki, na mstari wa mishahara ya watu wa kusikiliza hizo maiki ni sifuri, nimeangalia mara mbili, amesema wanajeshi waliopo watapanga zamu.

Halafu kuna geti. Kila kizuizi cha bandari lazima kiwe na geti, manake meli zako mwenyewe zinatoka na kuingia, na sisi wa Nairobi hili tunalijua kuliko mtu yeyote. Ukuta wa esteti una vigae vya chupa na fensi ya stima juu, na mwizi anaingia nyuma ya gari la jirani soja akifungua. Aleksandria, usiku wa kuamkia 19 Desemba 1941, ilikuwa hivyo hivyo. Waitaliano sita, wawili wawili, wamepanda mitambo mitatu mfano wa makombora yanayoendeshwa chini ya maji, walifika nje ya kizuizi cha bandari, na badala ya kuhangaika kukata nyavu wakaona Waingereza wanafungua kuingiza manowari zao, wakaingia nazo. Kulipokucha manowari mbili kubwa, Queen Elizabeth na Valiant, zilikuwa zimekaa chini kwenye matope ya bandari. Kizuizi hakikuwa na kasoro yoyote ya ufundi. Geti lilifunguliwa wakati wake, kwa sababu halali, na wenye geti.

Kwa hivyo nikisema kizuizi kinanunua muda simaanishi ni kitu kidogo, muda ni mali. Wonsan, Oktoba 1950, Wakorea Kaskazini hawakuwa na jeshi la maji la kutajika, lakini walitega mabomu kama 3,000, mengine kwa kutumia mashua za kawaida, mengine ya aina iliyobuniwa mwanzoni mwa karne hiyo. Kundi la meli kama 250 likabaki linazunguka huko nje linangoja njia isafishwe, meli mbili za Kimarekani za kusafisha mabomu, Pirate na Pledge, zikazama siku moja, na wanajeshi wa majini walipokuja kushuka ufukoni mji ulikuwa umeshatekwa siku nyingi na wenzao waliopita nchi kavu. Kizuizi hakikuuokoa mji, ni kweli. Lakini kama yule anayejilinda angekuwa na jeshi la kuutumia huo muda, hadithi ingekuwa nyingine. Muda ukinunuliwa na asiye na cha kuufanyia ni hasara.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano na sijui kwa nini hatuutaji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, halafu ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaizamisha meli kuukuu, Newbridge, Novemba 10, iwe kizibo kwenye mdomo mmoja. Mmoja! Rufiji ina midomo mingi. Kilichoifungia Königsberg ndani mpaka ilipoharibiwa Julai 11, 1915 hakikuwa lile bati lililozama, ni meli zilizokaa nje miezi minane zikiangalia ile midomo mingine, kwenye joto lile na mbu wale.

Kuna upande ambao kambi zote mbili hazijaugusa, upande wa wasio maadui. Oktoba 22, 1946, manowari mbili za Uingereza ziligonga mabomu kwenye mlango wa Corfu, maji ya Albania, watu 44 wakafa, na hata ingawa Albania ilisema si yeye aliyetega, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1949 ilisema isingeweza kukosa kujua na ilipaswa kuwaonya wanaopita. Hiyo ilikuwa kesi ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Mlango-bahari wa Tumbawe kwenye ramani yetu unatumiwa na nchi tatu. Ukitega lazima utangaze, na ukishatangaza wenye meli za mizigo wanapiga hesabu ya bima wanaenda bandari ya jirani. Nilimuuliza Waziri wa Fedha wa Tumbawe kama amepiga hiyo hesabu akasema yeye alijua ni mambo ya jeshi.

Na wavuvi? Fikiria pale Likoni, meli zote za Kilindini zinapita mahali pale pale feri inapokatiza na maelfu ya watu asubuhi na jioni, halafu uweke wavu wa chuma na geti. Nani anangoja nani? Ngalawa inayorudi alfajiri upepo ukiwa mbaya, inafunguliwa na nani, kwa ishara gani? Na nanga za kushikilia hizo nyavu zinalala sakafu ile ile ya bahari iliyo na nyaya za intaneti, na Mei 2024 Kenya nzima ilionja nyaya mbili zikikatika kwa wakati mmoja, EASSy na Seacom, watu walikaa kwa cyber wanaangalia kiduara kikizunguka. Jeshi linaloshusha nanga za tani kadhaa bila kuangalia ramani ya nyaya linaweza kujikatia mawasiliano lenyewe, adui hata hajaamka.

Ndiyo maana nikiangalia Tumbawe sioni sababu ya kufunga kilomita 40. Hori ya bandari yao kuu ina mdomo wa mita 800, huo unafungika. Nyavu hapo, geti moja, boti mbili za doria kila upande wa geti, na kijiji cha rasi ya kaskazini kipate kambi ndogo kabla hata ya boya la kwanza kutupwa. Mlango-bahari uachwe wazi lakini usikilizwe, maiki zibaki, na pesa zilizokuwa za mabomu ziajiri watu wa kukaa na hizo maiki zamu tatu na namba moja ya simu ambayo mvuvi akiona kitu anapiga na anajibiwa. Adui atakayekuja ataweza kupita mlango-bahari, sawa, lakini atapita akisikika, na atakuta mdomo umebanwa na watu wako macho. Atakayesema huku ni kuachia adui maji ya nchi nitamuuliza ana meli ngapi za kuyashika hayo maji, na jibu tunalijua, mbili na moja gereji.

Jumamosi hii tunapiga kura. Nimeandika marekebisho yangu kwenye karatasi nikampa Waziri juzi, akasoma yote, akanyamaza, kisha akaniuliza hizo boti za doria na hao watu wa zamu zitachorwaje kwa ramani, manake mstari mwekundu kila mtu anauona.